Lulu za June na Kampuni ya Lucy: Mke wa Kwenye Televisheni Si Kipimo Chetu



Leo hatuna singo wala mapishi. Leo tuna ugomvi. Ugomvi wetu ni na vile vipande vya video vinavyozunguka kwenye simu zenu usiku na mchana. Mnavijua. Mwanamke wa Kizungu, gauni limebana kiuno na kufunguka chini kama mwavuli, aproni nyeupe haina hata doa, nywele zimekunjwa, midomo myekundu, anatoa keki kwenye oveni huku anatabasamu. Mume anaingia, anavua kofia, anapokewa kwa kubusiwa shavu. Chini yake pameandikwa kwamba hivi ndivyo wake walivyokuwa kabla wanawake hawajaharibika. Na siku hizi wapo wanaofundisha maharusi kwa malipo, wanavichukua vipande hivyo hivyo, wanaweka kasida nyuma, wanaita darsa.

Sisi tunasema wazi: yule si mke mwema wa zamani. Yule ni mwigizaji yuko kazini. Ile nyumba haina ukuta wa nne, pale upande wa pili pana kamera na mafundi wa taa. Ile keki hajaipika yeye. Na jioni alipomaliza kutabasamu alivua lile gauni, akapokea mshahara wake, akaenda kwake. Wanaotuambia tufanane na yule wanatutaka tufanane na kitu ambacho hata mwenyewe hakufanana nacho.

Tueleze vizuri, kwa sababu wengi wenu mnaviona vipande tu na hamjui vimetoka wapi. Miaka ya 1950 Marekani, televisheni ilipoingia majumbani, ilikuja na michezo ya vichekesho vya familia. Kila wiki nusu saa pamoja na matangazo. Baba, mama, watoto, nyumba yenye bustani. Iliyotamba ni mingi, lakini hii mitatu ndiyo inayokatwa sana vipande: *I Love Lucy*, iliyoanza 1951 ikaenda mpaka 1957, *Father Knows Best*, yaani baba ndiye ajuaye, 1954 mpaka 1960, na *Leave It to Beaver*, 1957 mpaka 1963.

Ukikaa ukaitazama yote kwa utulivu, utaona imeshonwa kwa kipande kimoja cha kukatia. Mwanzo kila mtu yuko mahali pake. Katikati mmoja anataka kutoka: mtoto anataka kitu tofauti na wenzake, mke anataka kazi, binti anataka fani ya wanaume. Mambo yanaharibika, watu wanacheka. Mwisho yule aliyetoka anarudi mahali pake, tena anarudi kwa furaha, na baba anasema neno la busara. Wiki ijayo tena. Hakuna anayebaki amebadilika, kwa sababu mchezo ukibadilika biashara imeharibika. Familia ile ilipangwa ibaki pale pale ili mtazamaji naye abaki pale pale, akisubiri tangazo linalofuata. Mdhamini wa kwanza wa *I Love Lucy* alikuwa kampuni ya sigara, Philip Morris. Ndiyo, ile nyumba ya furaha ilikuwa inauza sigara.

Hata kicheko hamkuachiwa muamue wenyewe. Fundi sauti mmoja wa Marekani, Charles Douglass, alitengeneza mashine yenye vicheko vilivyorekodiwa. Ukibonyeza hapa kinatoka kicheko kidogo, ukibonyeza pale watu wanaangua. Michezo mingi ya miaka ile, *Leave It to Beaver* ukiwemo, ilibandikwa vicheko hivyo. Mtu amekaa peke yake sebuleni kwake, haoni la kuchekesha, lakini anasikia watu mia wanacheka. Basi naye anacheka. Hapo ndipo mafunzo ya kufuata mkumbo yanapoanzia: unaamini wengine wote wameshakubali, umebaki wewe tu.

Sasa twende kwenye lulu, maana hili ni jambo la fani yetu.

Mama wa *Leave It to Beaver* anaitwa June Cleaver. Huyu ndiye anayewekwa sana kwenye hizo video, kwa sababu anapika, anapangusa vumbi na kuosha vyombo akiwa amevaa mkufu wa lulu na viatu vya kisigino. Watu wamemcheka kwa hilo na watu wamemtukuza kwa hilo. Wanaomtukuza wanasema: tazameni, mke anajipamba kwa ajili ya mumewe hata jikoni.

Aliyeigiza nafasi hiyo ni Barbara Billingsley, na alieleza mwenyewe sababu ya lulu zile. Alikuwa na kishimo chini ya shingo, na taa za studio zikimpiga kilitia kivuli kibaya kwenye picha. Lulu zilikaa pale kuziba kivuli. Na visigino? Watoto wa kiume walioigiza kama wanawe walikuwa wanakua haraka, akatakiwa aendelee kuonekana mrefu kuwapita. Basi. Si mume, si heshima, si ucha Mungu. Kivuli na urefu.

Sisi mafundi tunalijua hilo. Kila siku tunaweka pindo hapa, tunatia bitana pale, tunashusha mkono kidogo, tunaficha kasoro ya mwili wa mteja mmoja. Lakini hatujawahi kumwambia mteja wa pili kwamba pindo lile la kuficha bega la mwenzake ni alama ya mke mwema. Mamilioni ya wanawake walipimwa kwa kishimo cha shingo ya mtu mmoja! Na leo, miaka zaidi ya 60 baadaye, msichana wa Mkunazini au Wete anaambiwa ajione ana upungufu kwa sababu anapika na kanga kiunoni.

Na huyo Barbara mwenyewe alikuwa mama wa watoto wawili wa kiume, na alikuwa anafanya kazi. June alikaa nyumbani. Barbara aliamka akaenda studio. Ni June anayewekwa kwenye darsa. Barbara hatajwi.

Tukija kwa *Father Knows Best*, jina lenyewe linajieleza. Pana kipindi kimoja cha 1956 tungependa kila mama mwenye binti akitafute akiangalie. Binti mkubwa wa nyumba ile, Betty, yuko skuli, anaamua anataka kuwa mhandisi. Anakwenda kujifunza na wapimaji wa barabara, amevaa suruali na buti. Kijana anayewasimamia anamkejeli, anamfanya ajione hana pahala. Baadaye kijana huyo anakuja nyumbani na zawadi mkononi, anamweleza baba mtu kwamba wanaume wanafanya kazi kutwa ili wakirudi wamkute mwanamke mzuri amewasubiri. Betty anasikia. Anapanda juu, anavua suruali, anashuka na gauni zuri. Uhandisi umekwisha.

Angalieni vizuri alivyoshindwa. Hakuna aliyemwambia hana akili ya hesabu. Hakuna aliyempa mtihani akaanguka. Amerudishwa kwa gauni. Sisi tunaoshona magauni hilo linatuuma zaidi kuliko mtu mwingine yeyote, kwa sababu nguo kazi yake ni kumsitiri na kumpamba binti, si kumziba mdomo.

Kwamba mchezo ule ulikuwa mwalimu wa utiifu, hatusemi sisi tu. Mwaka 1959 Wizara ya Fedha ya Marekani iliagiza kipindi maalumu cha familia ile ile kuhimiza watu wanunue dhamana za akiba za serikali. Serikali ilijua kwamba watu wamezoea kumsikiliza yule baba. Na kijana aliyeigiza kama mtoto wa kiume wa nyumba ile, Billy Gray, alipokuwa mtu mzima alisema hadharani kwamba mchezo ule uliwadanganya watu kuhusu maisha ya familia. Aliyekaa kwenye meza ile anasema si kweli, na sisi tuliokaa mbali na bahari yetu tunaambiwa ni kweli tuige!

Sasa Lucy. Huyu ndiye tunayempenda, na ndiye mwenye somo la kweli kwa mwanamke wa biashara.

Katika *I Love Lucy*, Lucy Ricardo kila wiki anataka kazi na kila wiki mumewe Ricky anamkatalia. Kipindi maarufu kuliko vyote ni cha Septemba 1952, wake na waume wanapobadilishana kazi. Lucy na jirani yake Ethel wanakwenda kiwanda cha chokoleti. Mkanda unakwenda mbio, chokoleti zinapita, wao hawawahi kuzifunga, basi wanazijaza midomoni, kwenye kofia, kifuani mwa nguo. Huko nyumbani wanaume wanajaribu kupika, na wali unafurika jikoni kote. Mwisho wote wanakubali kila mmoja arudi kwenye kazi yake, na waume wanawaletea wake zao zawadi ya… chokoleti.

Tumecheka sana, hatukatai. Lakini mnaona funzo lililofichwa? Mwanamke akitoka kufanya kazi anakuwa kichekesho. Watazamaji wote wanakwenda kulala wakiamini hivyo.

Sasa tazameni upande wa pili wa kamera. Lucy yule aliyeshindwa kufunga chokoleti ni Lucille Ball, na Ricky ni Desi Arnaz, mzaliwa wa Cuba, mumewe kweli. Wawili hao walikuwa na kampuni yao, Desilu. Kituo cha televisheni, CBS, kilipotaka mchezo urushwe kutoka New York kwa namna ya zamani, wao walitaka kuurekodi kwenye filamu huko California. Ikawa gharama. Wakakubali kupunguziwa malipo, lakini wakadai kitu kimoja: filamu zile ziwe mali yao. Wakati ule hakuna aliyeona thamani ya mchezo uliokwisha kuonyeshwa. Wao waliona. Baadaye walizirudisha kwa CBS kwa mamilioni ya dola, na 1957 Desilu ikanunua studio za RKO, mahali ambapo zamani Lucille alikuwa mwigizaji wa kuajiriwa tu.

Mwaka 1960 wakaachana. Mwaka 1962 Lucille akanunua hisa za Desi, akawa mwanamke wa kwanza kuongoza studio kubwa ya televisheni Marekani. *Star Trek* na *Mission: Impossible*, zile tunazozijua mpaka leo, zilianzia kwenye kampuni yake. Aliiuza 1967.

Basi shoga zetu, tuulizeni pamoja. Kwenye skrini mwanamke hawezi kufunga chokoleti. Nyuma ya skrini mwanamke huyo huyo anasoma mikataba, anapunguza faida ya leo ili apate mali ya kesho. Lipi kati ya hayo mawili lilikuwa la kweli? Na kwa nini anayekufundisha ndoa anakuletea lile la uongo?

Jibu letu: kwa sababu mwanamke asiyejua hesabu zake ni rahisi kumuuzia. Ni rahisi kumuuzia kozi ya wiki sita, aproni ya lesi, seti ya vyombo vya rangi moja, na hofu.

Na hofu hiyo ina hasara ya fedha tupu. Kuna binti aliyekuja kwetu kupimwa gauni la ndoa, alikuwa akioka vileja na keki za oda, ana wateja wake, ana oveni kubwa aliyoinunua kwa vibati vya miaka miwili. Akatuambia ameiuza. Ameiuza nusu ya bei. Tukamuuliza, mchumba amekataa? Akasema la, hajamuuliza. Alijifunza kwenye mafunzo ya mtandaoni kwamba mke wa kweli haingii ndoani na biashara, na akaona wenzake wote kwenye lile kundi wanaandika "amin". Mwezi wa tatu baada ya ndoa, mume mwenyewe ndiye aliyekuja kutuuliza kama tunamjua aliyenunua ile oveni, maana alikuwa akitegemea wasaidiane kodi ya nyumba. Hakuna aliyemlazimisha binti yule, si mume, si mkwe, si sheikh. Alilazimishwa na sauti za watu mia waliobandikwa nyuma ya picha.

Wengine watasema: nyinyi mnapinga mke kukaa nyumbani. Hapana, na msitutilie maneno mdomoni. Mke anayekaa nyumbani kwa hiari yake na kwa makubaliano na mumewe, akalea, akapika, akasomesha, huyo ana kazi kubwa na ana heshima yake mbele ya Mola wake na mbele yetu. Tunachopinga ni kumwita Mmarekani wa studio kipimo cha dini yetu.

Kwa sababu tukitaka mfano, tunao. Bibi Khadija, radhi za Allah ziwe juu yake, alikuwa mfanyabiashara wa Makka, misafara yake ilikwenda Sham, na Mtume, rehema na amani zimshukie, alimfanyia kazi ya kuipeleka bidhaa yake kabla ya ndoa yao. Dini yetu imempa mwanamke mahari yake iwe mali yake, na mali yake ibaki kwa jina lake baada ya ndoa. Huko Marekani kwa June na Betty, benki iliweza kumnyima mwanamke mkopo kwa sababu ni mwanamke au kwa sababu ana mume, mpaka sheria ya 1974 ilipolikataza. Sasa nani anatakiwa amuige nani?

Na bibi zetu wa visiwani, waliwahi lini kukaa na lulu wakingoja kofia ivuliwe? Walisuka ukili, walitia viua kofia, walisokota kamba za makumbi, walivua pweza na chaza maji yalipotoka. Tangu mwisho wa miaka ya 1980 kilimo cha mwani kilipoingia, kina mama wa Paje na Jambiani ndio walioingia majini nguo zimelowa mpaka kifuani. Watoto walikwenda skuli kwa fedha hizo. Hao ndio wake wa zamani tunaowajua sisi. Hawana video, kwa sababu hawakuwa na mdhamini wa sigara. Mkataa kwao ni mtumwa, na huu utumwa wa kukataa bibi yako ukamfuata June ni wa kujitakia.

Tuwe waadilifu lakini. Si kila kilichotoka kwenye michezo ile ni uchafu. Familia inakula meza moja. Baba hatukani. Mtoto akikosea anasemeshwa. Hayo ni mazuri, na aliyeyachukua amechukua jema. Na ipo michezo ya baadaye iliyofikiri zaidi. *The Cosby Show*, 1984 mpaka 1992, ilikuwa na mke, Clair, ambaye ni wakili, na mume daktari. Pana mahali mkwe wao wa baadaye, Elvin, anashangaa kumuona wakili mzima "anamtumikia" mumewe kahawa. Clair anamkalisha chini, anamweleza kwamba hamtumikii, watumishi wako mkahawani. Anamletea mumewe kahawa kama mumewe alivyomletea yeye, na ndoa ni kupeana. Kila bi harusi na kila bwana harusi aisikie. Kikombe ni kile kile, kahawa ni ile ile, lakini anayekileta ameamua mwenyewe.

Hata hapo msiweke mtu kwenye kiti cha enzi. Bill Cosby, aliyekuwa "baba wa Marekani", alitiwa hatiani 2018 kwa kumdhalilisha mwanamke, na 2021 mahakama ya juu ya Pennsylvania ikaifuta hukumu ile akatoka gerezani. Chochote utakachosema juu ya hukumu, lililo wazi ni kwamba baba wa skrini na mtu aliyemwigiza ni wawili tofauti. Chukua neno zuri, mwache msemaji.

Na sasa tunageukia upande wa pili, maana wapo wanaotusoma na kusema "haswa, sisi tunafikiri wenyewe, hatufuati mtu". Tulieni kwanza.

Mchezo huo huo wa Cosby ulianza, kipindi cha kwanza kabisa, na kijana Theo ambaye amefeli masomo. Anamwambia baba yake: pengine mimi nimezaliwa kuwa mtu wa kawaida, kwa nini usinipende nilivyo tu. Watazamaji wakapiga makofi, maana maneno ni matamu, yanafanana na uhuru. Baba akamjibu kwamba hajawahi kusikia upuuzi kama huo. Akamwambia anafeli kwa uoga wa kujaribu. Hapo mchezo wenyewe uliwageuka watazamaji wake. Si kila anayesema "mimi ndivyo nilivyo" anafikiri. Mwingine amechoka tu.

Na kipo kipindi kingine tunachokipenda kwa sababu ya cherehani. Theo anataka shati la mshoni mwenye jina, Gordon Gartrelle, la dola 95. Baba anakataa, mtoto wa miaka 14 shati la dola 95 la nini. Dada yake Denise anajitia fundi, anamshonea la kufanana. Loo! Mkono mmoja mrefu, mwingine mfupi, kola imekwenda upande. Sisi tulicheka mpaka machozi, maana tunayajua makosa yale moja baada ya jingine. Theo anataka ardhi ipasuke. Lakini alipotoka nalo, wenzake wakalisifu, wakaona ni mtindo mpya.

Wengi wanachukua hapo funzo la kuwa tofauti. Sisi tunaliona jingine. Shati halikugeuka zuri. Lilibaki na mkono mrefu na mfupi. Kilichobadilika ni kwamba wenzake wamekubali. Theo alitaka la Gartrelle kwa sababu ya wenzake, na akaridhika na la Denise kwa sababu ya wenzake. Hakufikiri mwenyewe hata mara moja, mwanzo mpaka mwisho!

Ndivyo mlivyo baadhi yenu, tusemezane ukweli. Bi harusi anaingia dukani kwetu anasema, "Mimi sitaki kama ya watu, nataka yangu ya peke yangu." Anafungua simu, anatuonyesha picha. Na picha hiyo tumeonyeshwa mara nne wiki hiyo hiyo, rangi ile ile ya maziwa ya chai, mkia ule ule, shela lile lile lenye shanga pembeni. Anayefuata bibi zake anaitwa mshamba, anayefuata simu anaitwa huru. Wote wawili kama hawajauliza ni bendera kufuata upepo, tofauti ni upepo tu. Kuna msemo wa mtaani tunaupenda: akili za kuambiwa, changanya na zako.

Basi mnachanganyaje? Tunawapa maswali manne tunayoyatumia hata kwenye nguo.

La kwanza, kimepimwa kwa mwili wa nani? Lulu zilipimwa kwa shingo ya Barbara. Ushauri wa ndoa unaopewa ulipimwa kwa nyumba ya nani, kipato cha nani, nchi gani?

La pili, nani anapata fedha ukikubali? Kama anayekuhimiza uache kipato chako anakuuzia kozi, aproni au sabuni, jua kwamba yeye hajaacha chake.

La tatu, aliyekwambia yeye mwenyewe anaishi hivyo? Anayerekodi video kila siku, akahariri, akatafuta wadhamini, akalipwa, huyo ni mwanamke wa biashara kama sisi. Biashara yake ni kukwambia wewe usifanye biashara.

La nne, mwenye haki ya kuulizwa umemuuliza? Kazi yako baada ya ndoa, mali yako, kodi, watoto, masomo, hayo ni ya wewe na mchumba wako, mbele ya wazee, kabla ya kuoza. Muulize yeye. Na ukitaka kujua dini inasemaje, nenda kwa mwenye elimu anayejulikana, anayekujibu uso kwa uso na unayeweza kumuuliza tena. Kundi la watu elfu wanaoandika "amin" halijibu swali.

Baada ya hapo, ukichagua kukaa nyumbani, kaa kwa raha zako, na ukichagua cherehani, oveni au ofisi, nenda kwa bismillahi. Ukipenda hata gauni la kiuno la miaka ya 50, njoo tutakushonea, tena tutalishusha likusitiri vizuri na tutalitia bitana nzuri. Gauni halina kosa. Ila nguo ya kuazima haisitiri matako, na akili ya kuazima haisitiri ndoa. Ikifika siku ya kodi ya nyumba, ya ugonjwa wa mtoto, ya mume kukosa kazi, hakuna mashine ya kubonyeza watu wacheke, na nusu saa haitoshi.

Na wewe uliyekwisha weka tangazo la kuuza cherehani yako, oveni yako au friji yako ya barafu kwa ajili ya ndoa, liondoe kwanza leo usiku. Zungumza na mwenzio. Kisha amua.

Mola awajaalie ndoa zenye mapenzi na huruma. Wassalamu alaykum.